Namba ya tarakimu 39 ambayo mtu aliithibitisha kwa mkono

Haya ni yale niliyoyasema mbele ya wanafunzi wa sekondari na walimu wa hesabu, nimeyaandika karibu kama yalivotoka mdomoni maana wengi waliomba, na pale nilipokuwa naandika ubaoni nimejaribu kueleza kwa maneno.

Walimu wenzangu, wazazi, na nyie wanafunzi, asanteni kwa kuja. Leo naongelea namba moja tu, naiandika yote ubaoni muione:

170 141 183 460 469 231 731 687 303 715 884 105 727

Tarakimu 39. Msihangaike kuisoma kwa maneno, kuna njia fupi ya kuitaja: chukua mbili, zidisha kwa mbili, tena kwa mbili, endelea hivo mpaka mbili zako zifike 127, alafu kwenye jibu toa moja, basi. Yaani mbili kwa kipeo cha 127 toa moja. Watu wa hesabu wanaiita M127, hiyo M ni ya Mersenne, huyo ntamfikia. Namba hii ni tasa, hakuna kitu kinachoigawa bila baki isipokuwa moja na yenyewe, na hilo limejulikana tangu 1876, wakati hamna kompyuta, hamna kalkuleta ya mfukoni, kuna karatasi na kichwa cha mtu. Ilikaa kileleni kama namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani kwa miaka 75. Hakuna nyingine iliyoshikilia rekodi hiyo muda wote huo tangu wakati ule.

Sasa mimi kinachonishika siyo ukubwa wake. Namba kubwa yeyote anaweza kuandika, we piga tarakimu mia ubaoni uone kama kuna atakayekuzuia. Kinachonishika ni swali hili: yule mtu alijuaje? Maana ukishaelewa alijuaje unagundua kwamba hakuwahi kuikagua kwa kuigawa gawa, alijua kwa sababu ya umbo lake, na hilo ndo nataka mtoke nalo hapa.

Tuanze na tunachokijua wote. Shule ya msingi tulifundishwa namba shufwa, namba witiri, namba tasa, na tukafundishwa kupima: unataka kujua kama 127 ni tasa, jaribu kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, kwa 11, na ukifika 13 unaacha kwa sababu 13 mara 13 ni 169 imeshapita. Zote zimeacha baki, kwa hiyo 127 ni tasa, na haikuchukua hata dakika. Njia nzuri kabisa hiyo, haina kosa. Ila ukiipeleka kwa M127 unatakiwa ujaribu mpaka kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 13 ikifuatiwa na sifuri 18, sasa hapo wajukuu wa wajukuu zako watakufa bado wanagawa.

Kwa hiyo lazima uiangalie namba yenyewe imekaaje. Namba zinazotokana na mbili mbili kutoa moja zina umbo la ajabu ukiziandika kwa sifuri na moja, ile lugha ya kompyuta. Tatu ni 11, saba ni 111, kumi na tano ni 1111, thelathini na moja ni 11111. Moja tupu. M127 ikiandikwa hivo ni moja 127 zimepangana mstari mmoja, hakuna sifuri hata moja katikati. Na umbo hilo linasema mambo mengi kabla hujagawa chochote. Mfano 63 ni 111111, moja sita, na kwa kuwa sita ni tatu mara mbili unaweza kuzikata tatu tatu, 111 na 111, kwa hiyo lazima 111 iigawe, yaani 7 inaigawa 63, na kweli 7 mara 9 ni 63. Idadi ya moja zako ikigawanyika basi na namba yenyewe inagawanyika, hakuna ujanja. Kwa hiyo ili mbili kwa kipeo fulani toa moja iwe tasa, ni lazima kipeo nacho kiwe tasa. 127 ni tasa, tumeipima sasa hivi, kwa hiyo M127 imepita mlango wa kwanza.

Lakini mlango huo hautoshi na wengi wanateleza hapa. 11 ni tasa, ila mbili kwa kipeo cha 11 toa moja ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89. Imekwisha. Padri mmoja wa Kifaransa, Marin Mersenne, mtawa aliyekaa Paris akiandikiana barua na wanahisabati wa Ulaya, mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo anavodai vinatoa namba tasa mpaka 257: alitaja 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakutoa uthibitisho. Baadae ikaonekana 67 na 257 siyo, na aliruka 61, 89 na 107 ambazo zinatoa tasa kweli. Makosa matano, lakini 127 aliipata, na mpaka leo hatuna maelezo yake aliifikiaje. Mimi simlaumu, zaidi ya miaka mia mbili watu walikuwa wanahangaika kuhakiki orodha yake na katika kuhangaika huko ndo hesabu zenyewe zikakua.

Sasa sifa ya pili, na hii naipenda naomba mnisikilize taratibu. Chukua namba tasa, tuseme 7. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila mara, ukipita 7 chukua baki. Unapata 1, 2, 4, alafu 8 ambayo baki yake ni 1, umerudi ulikoanzia. Mzunguko wa hatua 3. Jaribu na 23: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, alafu 24 ambayo baki ni 1. Hatua 11. Fermat, Mfaransa mwingine wa zama hizo hizo za Mersenne, aliona kwamba urefu wa mzunguko huu lazima uigawe ile namba ukitoa moja: 3 inaigawa 6, 11 inaigawa 22. Haijawahi kukosea na haiwezi kukosea, imethibitishwa.

Tuseme basi kuna namba tasa fulani inaigawa M127. Maana yake ni kwamba ukizungusha mbili mbili ndani ya namba hiyo, ukifika hatua ya 127 uko kwenye 1. Urefu wa mzunguko kwa hiyo unaigawa 127, na 127 ni tasa, haina pa kukatwa, kwa hiyo mzunguko ni hatua 127 kamili. Basi 127 inaigawa ile namba toa moja, na kwa kuwa ile namba ni witiri, toa moja inabaki shufwa, kwa hiyo siyo 127 tu, ni 254 inayoigawa. Mmeona? Hatujui kama kigawo kipo au hakipo, lakini tunajua tayari kwamba kama kipo basi ni lazima kiwe 254 mara kitu fulani, jumlisha 1. 255, 509, 763, 1017, kuendelea. Namba nyingine zote duniani ziko nje, usipoteze muda kuzigusa. Na kuna kanuni nyingine inayoondoa nusu ya hizo zilizobaki.

Ni msaada mkubwa, ila pigeni hesabu muone kama unatosha. Hata ukiwa unajaribu moja kila sekunde bila kulala, mpaka ufike kipeuo cha pili itakuchukua zaidi ya miaka milioni 800. Yaani umbo limetusaidia sana na bado hatujafika popote.

Niwape na mfano wa upande wa pili ili muone njia hii ya vigawo ilivo ngumu hata kwa namba ndogo zaidi. Ile 67 ya Mersenne, mbili kwa kipeo cha 67 toa moja, ni namba ya tarakimu 21. Mwaka 1903 kwenye mkutano wa chama cha hisabati cha Marekani mjini New York, profesa mmoja anaitwa Frank Nelson Cole alipanda ubaoni na inasimuliwa kwamba hakusema neno lolote, upande mmoja akapiga mbili mbili 67 akatoa moja, upande wa pili akazidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287, majibu yakalingana, akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Chukueni hiyo 193 707 721 mtoe moja mgawe kwa 134, ambayo ni 67 mara mbili, inaingia kamili, mara 1 445 580. Kanuni ile ile niliyowaonesha.

Na sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui, kabla ya Cole kuvipata vile vigawo ilikuwa imeshajulikana tangu 1876 kwamba hiyo namba siyo tasa, ila hakuna aliyekuwa anajua hata kigawo chake kimoja. Aliyeonesha ni mtu yule yule aliyeithibitisha M127, mwaka ule ule. Anaitwa Édouard Lucas, Mfaransa, amezaliwa Amiens mwaka 1842, alifanya kazi kwenye kituo cha kuangalia nyota Paris, akapigana vita ya Ufaransa na Prussia akiwa ofisa wa mizinga, baada ya vita akawa mwalimu wa sekondari. Mwalimu wa sekondari, nasisitiza hapo kwa ajili ya walimu wenzangu.

Lucas alikuja na kipimo kisichotafuta kigawo kabisa. Ntawaonesha kwa jinsi kilivosafishwa na Mmarekani Derrick Lehmer mwaka 1930, ndo kinatumika mpaka leo. Kinaenda hivi: anza na 4. Jizidishie yenyewe, toa 2, ukizidi namba unayoipima chukua baki tu. Rudia. Idadi ya kurudia ni kipeo chako toa mbili. Mwisho ukipata sifuri, namba ni tasa. Usipopata sifuri, siyo tasa. Hamna cha labda.

Tuipime 127 yenyewe, ambayo nayo ni mbili kwa kipeo cha 7 toa moja. Saba toa mbili ni tano, kwa hiyo hatua tano. Tunaanza na 4. Nne mara nne ni 16 toa 2, tuna 14. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196 toa 2, 194, imezidi 127, baki 67. Sitini na saba mara yenyewe toa 2 ni 4487, baki yake 42. Arobaini na mbili mara yenyewe toa 2 ni 1762, baki 111. Mia na kumi na moja mara yenyewe toa 2 ni 12 319, na 12 319 ni 127 mara 97 kamili kabisa. Baki sifuri. Tasa.

Hatujajaribu kugawa kwa 3 wala kwa 5. Hatujatafuta kigawo hata kidogo. Na kwa M127 hatua ni 125 tu, badala ya miaka milioni 800 ni mara 125 za kuzidisha, kila moja ni kuzidisha namba ya tarakimu 39 kwa yenyewe, kazi ngumu na ya kuchosha sana lakini mtu anaweza kuimaliza akiwa hai.

Mwanafunzi mmoja hapa mbele ameuliza, mwalimu, kwa nini inafanya kazi? Swali zuri sana na sitaki kulikwepa, ntatoa picha yake maana uthibitisho mzima unahitaji ubao mwingine. Ile 4 ya kuanzia inatoka kwenye namba mbili zilizojificha: 2 jumlisha kipeuo cha pili cha 3, na 2 toa kipeuo cha pili cha 3. Ukizijumlisha unapata 4, ukizizidisha unapata 1. Kila unapojizidishia na kutoa 2, kwa chini unachofanya ni kuzidisha kila moja ya hizo mbili kwa yenyewe, alafu unazijumlisha tena, jaribuni nyumbani mtaona 14 inatoka, 194 inatoka. Sasa ukipata sifuri kwenye hatua ya mwisho inamaanisha kwamba ile namba iliyojificha, ukiizidisha kwa yenyewe tena na tena, ina mzunguko mrefu kupita kiasi: hatua zake ni mbili kwa kipeo cha 127 kamili, siyo pungufu hata moja. Na mzunguko huo unabaki na urefu ule ule hata ukihesabu kwa baki za kigawo chochote cha M127.

Tuseme M127 siyo tasa. Basi ina kigawo ambacho hakizidi kipeuo chake cha pili, tukiite q. Fanya hesabu zote hizo kwa baki za q. Namba za aina ile, namba ya kawaida jumlisha namba ya kawaida mara kipeuo cha 3, ndani ya baki za q ziko q mara q tu, ukitoa sifuri zinabaki pungufu ya moja. Lakini q mara q haizidi M127. Kwa hiyo una vituo visivyofika mbili kwa kipeo cha 127 na unadai kuna mzunguko unaopita vituo tofauti mbili kwa kipeo cha 127. Havitoshi! Mzunguko haupati pa kukaa. Kwa hiyo q haipo, na namba ni tasa. Hapo unaona sasa, hatujaijua M127 kwa kuipekua ndani, tumeonesha kwamba kigawo chake hakina nafasi ya kuwepo. Mimi kila nikifika hapa nasisimka, nasema kweli.

Turudi kwa Lucas na mkono wake. Yeye alikuwa anaanza na 3 siyo 4, kwa namba kama 127 hiyo nayo inafanya kazi, na kupunguza mzigo wa kuzidisha alitumia ubao wa miraba 127 kwa 127, kama wa sataranji ila mkubwa, kete ikiwepo kwenye mraba ni moja, mraba mtupu ni sifuri. Na hapa umbo la moja tupu linamlipa. Angalieni kwa namba ndogo: 67 kwa sifuri na moja ni 1000011. Izidishe kwa mbili upate 134, toa 127 inabaki 7, na 7 ni 0000111. Linganisheni hizo mbili, kila kitu kimesogea hatua moja kushoto na ile moja iliyotokeza mwanzoni imezungukia mwisho kulia. Ndo hivo tu. Kwenye namba hizi kuzidisha kwa mbili na kuchukua baki hakuna kugawa, ni kuzungusha.

Kwa hiyo kuzidisha namba kwa yenyewe kunakuwa hivi, kila palipo na moja unaweka mstari mpya wa kete ambao ni namba ile ile imezungushwa, ukimaliza unashusha kila safu: kete mbili kwenye safu moja zinatoka, inaingia moja kwenye safu ya kushoto, na ya mwisho kushoto ikizidi inazungukia kulia kabisa. Aliyezoea bao la kete ataelewa haraka kuliko mimi ninavoeleza, mkono unazunguka unasambaza na hauhitaji kuandika chochote. Alafu toa mbili, alafu upya. Hatua 125. Ukikosea kete moja kwenye hatua ya 30 kila kinachofuata ni takataka na hutajua mpaka mwisho.

Huyu huyu Lucas ndo aliyetoa mwaka 1883 ule mchezo wa mnara wa Hanoi, wa visahani na vijiti vitatu, walimu wengi mnautumia darasani. Hesabuni hatua: kisahani kimoja hatua 1, viwili 3, vitatu 7, vinne 15. Mbili mbili toa moja tena! Ukiwa na visahani 127, idadi ndogo kabisa ya hatua za kuhamisha mnara ni M127 yenyewe. Alikufa 1891 ana miaka 49, kwenye chakula cha pamoja sahani ilidondoka ikavunjika, kipande kikamkata shavuni, kidonda kikaingia maambukizi, akafa siku chache baadae. Hakufika hata kuuona mwaka 1903.

Kuna mambo mengine ya M127 ntayapita haraka. Euclid miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita alionesha kwamba kila namba tasa ya umbo hili inazaa namba timilifu, ile ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe: 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Inatoka 4 mara 7. Kwa M127 unaizidisha kwa mbili kwa kipeo cha 126 unapata namba timilifu ya tarakimu 77. Na mwaka 1951 rekodi ilipovunjwa, ikapatikana moja ya tarakimu 44 kwa mashine ya mkono ya mezani, na mwaka huo huo huko Cambridge Uingereza kwenye kompyuta ya EDSAC, Miller na Wheeler wakapata ya tarakimu 79, ambayo ni 180 mara M127 mara M127 tena, jumlisha 1. Yaani waliipanda M127 kufika juu yake, kwa sababu ukijua vigawo vyote vya namba toa moja ni rahisi sana kuthibitisha kwamba namba ni tasa. Januari 1952 Raphael Robinson akapeleka kipimo cha Lucas na Lehmer kwenye kompyuta ya SWAC kule Los Angeles, usiku mmoja zikatoka mbili, vipeo 521 na 607. Toka hapo ni mashine. Ila M127 imebaki kubwa kuliko zote zilizothibitishwa kwa mkono bila mashine yoyote.

Rekodi ya sasa ilipatikana Oktoba 2024, kipeo ni 136 279 841, tarakimu 41 024 320, aliyeipata ni Luke Durant kwa kutumia kadi za grafiki nyingi kwenye mradi wa GIMPS, wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba hizi, ambao umekuwepo tangu 1996, na walipotaka kuhakikisha walitumia nini? Anza na 4, jizidishie, toa 2. Kipimo kile kile.

Mzazi mmoja ameuliza faida yake, na mara nyingi utasikia watu wakisema hizo za mamilioni ya tarakimu ndo zinalinda benki. Hapana. Hakuna anayelinda kitu na namba ya tarakimu milioni 41, simu ingeganda. Na kama ufunguo wako wa siri umejengwa kwa kuzidisha namba tasa mbili huwezi kuweka M127 kama mojawapo, dunia nzima inaijua, itakuwa kitu cha kwanza kujaribiwa. Kinachotumika kweli ni ule ujanja wa Lucas wa kuzungusha. Meseji za WhatsApp mnazotuma kila siku zinalindwa kwa hesabu zinazofanyika kwa baki za namba tasa mbili kwa kipeo cha 255 toa 19, aliyeichagua ni Daniel Bernstein, na ilichaguliwa iwe karibu kabisa na mbili mbili ili kuchukua baki kusiwe kugawa, kuwe ni kukunja kipande cha juu na kukiongezea chini. M127 nayo ina kazi hiyo, kuna mfumo wa usimbaji wa watafiti wa Microsoft unaitwa FourQ umejengwa juu yake. Kwa hiyo faida ipo, ila ingekosekana bado ningesimama hapa kuongelea namba hii.

La mwisho ni lile ambalo halijatatuliwa. Andika 2. Mbili kwa kipeo cha 2 toa moja ni 3, tasa. Mbili kwa kipeo cha 3 toa moja ni 7, tasa. Kwa kipeo cha 7 ni 127, tasa. Kwa kipeo cha 127 ni M127, tasa. Unaona mnyororo, kila moja inakuwa kipeo cha inayofuata. Eugène Catalan wa Ubelgiji aliona hivo 1876 hiyo hiyo baada ya Lucas kutangaza. Je inayofuata, mbili kwa kipeo cha M127 toa moja, ni tasa? Hakuna anayejua. Tarakimu zake peke yake ni kama 51 ikifuatiwa na sifuri 36, huwezi kuiandika popote, na kipimo cha Lucas kingehitaji hatua karibu M127, hamna kompyuta ya kuzifika. Kinachowezekana ni ile sifa ya pili tu: kama ina kigawo basi ni mbili mara M127 mara kitu, jumlisha 1, na watu wanavijaribu kimoja kimoja. Mkiniuliza mimi naona siyo tasa, kwa sababu kadri namba hizi zinavokua tasa zinakuwa adimu sana, na nne za mwanzo za mnyororo ni ndogo mno kutuambia lolote kuhusu ya tano. Ila hayo ni maoni, na kwenye hesabu maoni hayahesabiki.

Kijana wa kidato cha pili kule nyuma ameuliza kama anaweza kufanya kipimo hiki mwenyewe. Unaweza, mwanangu. Mwenye kompyuta M127 inaisha kabla hujanyanyua kidole, ni mistari michache ya Python, ile lugha ya kuandikia programu. Lakini naomba muanze kwa mkono. Chukueni kipeo cha 13, namba ni 8191, hatua ni 11, kalkuleta ya kawaida inatosha. Anzeni na 4, alafu 14, 194, 4870, mkienda sawasawa hatua ya kumi mtakuta 128, na 128 mara yenyewe ni 16 384, toa 2 mjionee wenyewe inagawanyika vipi kwa 8191. Ukikuta kitu kingine hatua ya kumi rudi nyuma utafute ulipokosea. Alafu mfanye na kipeo cha 11, hatua tisa, mwisho mtabaki na 1736 badala ya sifuri, na mtakuwa mmethibitisha kwamba 2047 siyo tasa bila kuigusa 23 wala 89. Karatasi ziko hapa mbele, chukueni, na tuna muda mpaka saa kumi.